Usiamini "no" ya ./configure mpaka umefungua config.log

Kama umewahi kuinstoli programu kutoka sosi kodi kwenye Linux au BSD hii unaijua, unafungua tarball, unaandika ./configure, skripti inayopima mashine yako ina nini kabla ya kujenga programu, mistari inaanza kuteremka, hiki yes, kile no, unasubiri wee, mwishoni inakugomea na sentensi moja tu. Wengi hapo hapo wanakopi ile sentensi wanaitupa kwenye grupu, na wanaojibu nao wanabahatisha, mmoja anasema instoli hiki, mwingine anasema futa kile, siku inaisha. Mi nimefanya kazi za seva miaka kadhaa sasa na kitu ambacho natamani kila anayeanza akishike ni hiki: ile "no" haisemi kwamba kitu hakipo, inasema jaribio limefeli. Kufeli kwa jaribio kuna sababu nyingi mno.

Ili unielewe inabidi ujue inavyofanya kazi. Enzi hizo kila Unix ilikuwa na mambo yake, fankisheni iliyopo kwa huyu kwa yule haipo au ina jina jingine, sasa anayeandika programu afanyeje? Mwaka 1991 David MacKenzie, akiwa anashughulika na programu za GNU, akaanza Autoconf, chombo kinachotengeneza hizi skripti za configure. Wazo lake zuri sana mpaka leo: usiiulize mashine inaitwa nani, iulize inaweza nini. Kwa hiyo vipimo vingi vya configure ni vijiprogramu vidogo vya C ambavyo skripti inaviandika yenyewe palepale, inampa kompaila (anayegeuza kodi kuwa programu), kompaila akikubali ni yes, akikataa ni no. Kwa nini kakataa? Skrini haikuambii. Sababu imeandikwa kwenye config.log, faili ambayo configure inaiacha kwenye folda ileile.

Mara ya kwanza hili kuniumiza ilikuwa FreeBSD. Nilikuwa nahamisha programu yetu kutoka Ubuntu, inahitaji GMP, laibrari ya hesabu za namba kubwa, nimeshainstoli kwa pkg, naiona kabisa kwa macho yangu gmp.h iko ndani ya /usr/local/include, alafu configure inaniambia gmp.h no. Nikaitoa nikairudisha, nikajaribu toleo jingine, jioni ikanikuta palepale. Nilipofungua config.log kumbe kompaila wa FreeBSD mwenyewe haendi kutafuta /usr/local mpaka umwambie. Dawa ikawa mstari mmoja wa kumwonyesha pa kutafuta, ./configure CPPFLAGS=-I/usr/local/include LDFLAGS=-L/usr/local/lib, na kujenga kwa gmake badala ya make maana Makefile zetu zilikuwa za mtindo wa GNU.

Na ukifungua hiyo faili usikimbilie mwisho wake. Mwishoni kuna orodha ndefu ya variabo, wengi wanaiona wanakata tamaa wanafunga. Tafuta jina la kile kipimo, andika "checking for gmp.h" kwenye kutafuta, chini yake utakuta komandi yenyewe iliyokimbizwa, kosa alilotoa kompaila, na kile kijiprogramu kilichofeli mstari kwa mstari. Hicho ndo cha kuwawekea watu kwenye grupu ukiomba msaada.

Hiyo ya FreeBSD angalau ilisimama ikalia. Mbaya zaidi ni isiyolia. Mwaka 2024 ilipotoka GCC 14, kompaila wa GNU, mambo mengi ya C ya kizamani ambayo zamani yalikuwa onyo tu yakageuka kuwa kosa, mfano kuita fankisheni bila kuitangaza, au kuandika main() bila int mbele. Sasa skripti za configure za siku nyingi zimejaa vijiprogramu vya namna hiyo! Nilipandisha seva moja kwenda Fedora 40, nikajenga upya programu ya ndani, configure ikapita, make ikapita, hakuna aliyelalamika, baada ya siku kadhaa ndo tunagundua programu haibani tena faili inazohifadhi, kwa sababu kipimo cha zlib, laibrari ya kubana data, kilikuwa kimeandikwa vibaya tangu zamani, kikajibu no, na configure ikaendelea kimyakimya bila hiyo sehemu. Laibrari ilikuwepo muda wote.

Ukikutana na hali hiyo jaribu autoreconf -fi kwanza, itaitengeneza configure upya kwa makro mpya za Autoconf (vipande vya vipimo vilivyoandikwa tayari), na kama kosa liko kwenye kipimo alichoandika mwenye programu mwenyewe basi ingia configure.ac, faili inayozaa configure, urekebishe, usiishie kumlegeza kompaila kwa flagi. Na kama wewe ndo mwandishi, tafadhali, kitu ambacho programu haiwezi kuishi bila hicho kiwekee AC_MSG_ERROR isimame hapohapo, usimwachie mtumiaji aje agundue mwenyewe.

Alafu hizi skripti zisomeni jamani. Mlango wa siri uliowekwa kwenye xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ambao mtengeneza programu Andres Freund aliufichua Machi 2024 baada ya kuona ssh inachelewa kidogo, ulianzia kwenye faili ya makro, build-to-host.m4, iliyochezewa ndani ya tarball wakati kwenye git, hazina ya kodi yenyewe, haikuwepo. Nani anasoma m4? Ndo maana walijificha humo. Kwa programu nyeti mi sasa nachukua kodi kutoka git, naandika autoreconf mwenyewe.

Na kila nikihamia mfumo mpya, kabla ya make, nachukua config.h, faili ambamo configure inaandika majibu yake, ya seva ya zamani na ya mpya nazilinganisha kwa diff. Kila HAVE_ (jibu la kitu kimepatikana au la) iliyogeuka naenda kuisoma kwenye config.log mpaka nijue imegeuka kwa nini, ndo naendelea.