Shangazi, riwaya zimenishinda

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Utotoni nilisoma hadithi kwa tochi chini ya shuka mpaka betri zinakwisha. Sasa, baada ya shahada mbili na miaka ya kusoma ripoti kazini, nikifungua riwaya nausoma ukurasa mmoja mara tatu na siambulii kitu. Kuna moja niliianza mwaka jana, kikaratasi bado kiko ukurasa wa 43. Mwaka huu nilijiwekea lengo la vitabu 30, nimemaliza kimoja tu. Naona aibu. Je, akili yangu imeharibika?*
*Msomaji wa zamani*

Marahaba, mwanangu. Akili yako ni nzima, na hiyo aibu itue leo.

Kwa miaka mingi umesoma ili uulizwe. Mtihani ulikuuliza, msimamizi wa tasnifu akakuuliza, sasa bosi anakuuliza. Jicho limezoea kuwinda hoja kuu, na mkono unatafuta kalamu ya kupigia mstari. Ukifungua riwaya, jicho linaendelea kuwinda, lakini riwaya haikupi hoja ukurasa wa kwanza. Inataka ukae nayo kwanza, usikie mvua inavyopiga bati la nyumba ya mhusika kabla hujajua nani kamkosea nani. Na lile lengo la vitabu 30 ni mtihani mwingine, safari hii umejitungia mwenyewe. Lifute.

Nayajua haya kwa sababu yamenipata. Kuna miaka nilikuwa nasahihisha miswada ya watu. Nikirudi nyumbani na kushika hadithi, naona nukta zilizokosewa tu. Aliyeniponya ni kitabu cha watoto nilichokipenda nikiwa na miaka 11. Jalada limebanduka, na kwenye ukurasa ambapo mbwa anapotea kuna doa la wino, alama ya kidole changu mwenyewe, kidogo mno. Mwisho wa hadithi niliujua, hivyo sikuwa na cha kuwinda. Nilisoma nimesimama palepale mbele ya kabati mpaka miguu ikafa ganzi.

Basi nawe anza na kitabu unachokijua. Kitafute kile cha enzi za tochi, hata kama unaona ni cha kitoto.

Na hicho cha ukurasa wa 43, chomoa kikaratasi, kirudishe rafu, usikiombe msamaha. Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa aliyekuwa pia mwalimu, mwaka 1992 alichapisha kitabu chenye haki 10 za msomaji. Miongoni mwake ni haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza kitabu, na haki ya kukisoma tena. Natamani watoto wangepewa haki hizo siku ileile wanapokabidhiwa vitabu vya shule.

Simu iache chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi hakutoshi, maana mkono huifuata wenyewe kabla hujaamua.

Siku za mwanzo mawazo yatatangatanga, pengine kabla hata hujafika ukurasa wa tatu. Usishtuke. Maandishi yana miaka 5,000 na ushei tu, na hakuna binadamu anayezaliwa anajua kusoma. Kila mmoja wetu alifundishwa, na ujuzi wa kufundishwa hukakamaa ukikaa bila kutumika. Ukigundua umepotea, usirudi mwanzo wa ukurasa, hiyo ndiyo tabia ya mtihani. Songa mbele, hadithi itakuokota njiani. Ikigoma kabisa, soma kwa sauti, hata ya kunong'ona, kwa sababu mdomo hauwezi kukimbia kama jicho, nawe utaanza kuwasikia wahusika wakizungumza.

Dakika 15 kabla ya kulala zinatosha. Kurasa usizihesabu.

Niandikie tena baada ya mwezi, mwanangu. Sitakuuliza umemaliza vingapi. Nataka kujua ni mhusika gani alikufanya uchelewe kuzima taa.