Senti ya Marekani ya 1982: shaba au zinki?

Mwaka huo zipo za aina zote mbili, kwa hiyo tarehe peke yake haikusaidii, ipime. Ya shaba ina gramu 3.11, ya zinki iliyopakwa shaba ina 2.5. Tumia mizani inayosoma angalau sehemu ya kumi ya gramu, maana ile ya jikoni inayoruka gramu nzima nzima inaweza kukusomea 3 kwa zote mbili. Ukiwa na bunda zima la senti 50, zidondoshe moja moja mezani kwanza: shaba hulia kama kengele, zinki hutoa mlio mfu. Zenye mlio ndizo upeleke kwenye mizani, utaokoa muda mwingi.

Ikitokea yenye herufi D (imetengenezwa kiwanda cha Denver), tarehe ndogo (tarakimu za mwaka zimeandikwa ndogo), na uzito wa gramu 3.11, usiitumie wala usiisafishe! Hilo ni kosa la kiwandani na zinazojulikana ni chache mno. Ila hakikisha tarehe ni ndogo kweli: 2 yake ina shingo iliyopinda, ya tarehe kubwa imenyooka. Wengi hukosea hapo. Na kuyeyusha senti hizo ili kuuza shaba ni marufuku kisheria Marekani.