Vita ya Miaka Mia: chukua ramani kwanza, mapigano baadaye

Hii vita ya Waingereza na Wafaransa nilivyoisoma chuo mara ya kwanza nilikariri tu. Crécy 1346, Poitiers 1356, Agincourt 1415, pinde ndefu, matope, mashujaa waliochinjwa, vyote nilikuwa navyo kichwani. Siku moja kwenye semina mwenzetu akauliza, sasa kama Waingereza walishinda yote hayo matatu, ilikuwaje wakafukuzwa? Hakuna aliyejibu, hata mimi. Usiku ule nilichora ramani ya Ufaransa, nikachukua penseli za rangi nikaanza upya, na tangu hapo kila anayeniomba nimsaidie hii mada namwambia afanye hivohivo.

Kabla ya kupaka rangi lakini uelewe ugomvi wenyewe. Wengi wanakimbilia taji, kwamba mfalme wa Ufaransa Charles IV alikufa 1328 bila mtoto wa kiume na Edward III wa Uingereza akaona zamu ni yake kwa sababu mama yake Isabella alikuwa dada wa marehemu, Wafaransa wakampa Philippe VI. Ni kweli, ila tatizo la zamani zaidi lilikuwa ardhi. Tangu Eleanor wa Aquitaine aolewe mwaka 1152 na Henry, aliyekuja kuwa mfalme Henry II wa Uingereza, wafalme wa Uingereza walikuwa na eneo lao kusini magharibi mwa Ufaransa, na kwa ajili ya hilo eneo ilibidi wapige magoti mbele ya mfalme wa Ufaransa. Mfalme kumpigia magoti mfalme mwenzie, hapo amani itatoka wapi? 1337 Philippe akatangaza anamnyang'anya Edward ardhi hiyo, vita ikaanza.

Ramani ya kwanza chora ya 1360, nyekundu iwe ardhi ya Waingereza. Jean II, mfalme wa Ufaransa, alitekwa Poitiers, fidia ya kumwachia ikapangwa écu milioni 3 (sarafu za dhahabu za Ufaransa), na kwa mkataba wa Brétigny Edward akapata kipande kikubwa sana cha kusini magharibi, juu yake bandari ya Calais kaskazini. Nyekundu imejaa. Ya pili chora ya 1380 uone maajabu, nyekundu karibu yote imeyeyuka, imebaki ukanda wa Bordeaux na Bayonne na bandari chache kama Calais, na katikati hapo hakuna pigano kubwa la kufanana na Crécy! Mfalme wa Ufaransa Charles V na jemadari wake Bertrand du Guesclin waliamua kutokutana na Waingereza uwanjani, wanawaacha wapite, wao wanajifungia mijini, halafu wanakomboa ngome mojamoja. Ila gharama yake waliibeba wanakijiji maana jeshi likipita linachoma, na hiki kitu vitabu vingi vinakipitia haraka mno. Wakulima kaskazini mwa Paris walishafika mwisho 1358 wakainuka, wakauawa kwa wingi. Mi nikifundisha hapa huwa nasimama, siwezi kuwapita hao watu nikaendelea na wafalme.

Kwa ramani ya 1420 tafuta rangi ya tatu, ya Burgundy, jimbo la Ufaransa lenye mtawala wake mwenye nguvu, na ukiikosa hii hutaelewa chochote kinachofuata. Mfalme wa Ufaransa Charles VI alipatwa na ugonjwa wa akili 1392, ndugu zake wakagombania madaraka, 1407 Louis wa Orléans akauawa mtaani Paris kwa amri ya mtawala wa Burgundy, na 1419 huyo wa Burgundy naye akauawa darajani Montereau akiwa kwenye kikao na mrithi wa taji, Charles VII wa baadaye. Mtoto wa huyo wa Burgundy akaenda upande wa Waingereza. Ndo maana Henry V wa Uingereza akapata mkataba wa Troyes 1420, aoe binti wa mfalme na arithi Ufaransa nzima, Agincourt peke yake isingempa hicho. Bahati mbaya kwake akafa Agosti 1422, Charles VI akafuata Oktoba, taji mbili zikaangukia mtoto wa Henry ambaye hajafikisha hata mwaka.

Jeanne d'Arc msome kwa moyo wote, binti wa miaka kama 17 aliyeenda na jeshi la Ufaransa, mji wa Orléans uliozingirwa na Waingereza ukaokolewa Mei 1429, Julai Charles VII anatawazwa Reims, 1431 binti anachomwa moto Rouen. Lakini tafadhali usifunge daftari hapo kama nilivyofunga mimi. 1435 kule Arras Burgundy wanarudi upande wa Ufaransa, mwaka unaofuata Paris inarudi, 1445 Charles VII anaunda jeshi la kudumu linalolipwa kwa kodi, na Jean Bureau anamtengenezea mizinga, Normandy yote inarudi 1450.

Halafu Bordeaux. Ilitekwa 1451 na wenyeji hawakufurahi, walikuwa wameuza mvinyo Uingereza na kuishi chini ya wafalme hao miaka karibu 300, wakawaita Waingereza warudi. Akaja jemadari wa Uingereza, mzee John Talbot, 1452 wakamfungulia milango. Tarehe 17 Julai 1453 pale Castillon alivamia kambi iliyojaa mizinga ya Bureau, akafa yeye na mwanae, na Oktoba Bordeaux ikasalimu amri.

Ramani ya mwisho sasa, ya 1453, futa nyekundu yote ila pale juu kaskazini acha kidoti kimoja, Calais, hicho Waingereza walikishika mpaka 1558.