Trela likikwama usiku: kwa mnaoanza njia ya Malaba–Kampala

Mdogo wangu uliyekabidhiwa trela juzi, karibu njiani. Makaratasi ya forodha na gia utafundishwa na wengine. Mimi naomba tuzungumze juu ya gari lililosimama.

Ripoti ya polisi ya Uganda ya mwaka 2024 ilihesabu ajali 25,107 na vifo 5,144. Gawanya kwa siku: watu 14. Taksi ya hapa, ile basi dogo, inabeba abiria 14. Yaani kila siku ni kama taksi nzima imeondoka stendi na hakuna aliyefika. Kasi na kuovateki ovyo ndivyo vinavyoua zaidi, na hayo utayasikia kila mahali. La gari bovu gizani halisemwi vya kutosha.

Mwaka wangu wa pili tairi lilinipasukia katikati ya msitu wa Mabira, saa mbili usiku, mvua inanyesha. Nikakimbilia jeki. Taa za nyuma zilikuwa zimefunikwa na tope, na mimi nimelala chini ya gari. Nikasikia tairi likilia kwenye lami. Bodaboda alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye bampa, amepakia mama na mtoto mgongoni. Mama yule hakusema neno. Alishuka tu, akakaa kwenye majani, akaanza kumpapasa mtoto kichwa, miguu, kichwa tena.

Tangu siku hiyo jeki huwa ya mwisho. Ukikwama, washa taa za hazadi, kisha utingo akimbie nyuma na pembetatu ya tahadhari, hatua 100 au zaidi. Kama kuna kona, iwekwe kabla ya kona, maana baada yake mtu hana nafasi tena ya kufunga breki. Huna pembetatu? Kata matawi kama tunavyofanya wote, lakini yaanzie mbali. Na kila unaposimama kula, futa taa na reflekta kwa kitambaa.

Usingizi ukikubana, paki kwenye miji ya njiani kama Naluwerere au Lugazi, usipaki ukingoni mwa barabara.

Halafu kuna mawe. Tunayaweka kuzuia magurudumu, gari likipona tunaondoka na kuyaacha palepale. Bodaboda hayaoni mpaka yamemrusha. Kabla hujapanda, rudi nyuma na tochi, uyaokote yote pamoja na matawi.