Mjomba anashika hela za kikundi, kuomba daftari ni kumtukana?

SWALI: Dada shikamoo. Tuko watu 22 kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa kijijini. Mweka hazina ni mjomba wangu, mdogo wake mama, mtu anaheshimika yani hata watu wakigombana wanaenda kwake kusuluhishwa. Hela analala nazo yeye, daftari analo yeye. Huu mwaka wa tatu hatujawahi kusomewa hesabu yote, tunaambiwa tu mambo yako vizuri. Mwezi uliopita nikauliza mkutanoni kwamba jamani saivi tuna kiasi gani, mjomba akanyamaza kidogo alafu akasema "kumbe mwanangu unaniona mwizi". Watu wote wakanigeukia mimi, na mama haongei na mimi mpaka nikaombe msamaha. Sijasema ameiba na wala sina ushahidi wowote. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Swali lako halina kosa, usiliombee msamaha. Unachoweza kumwomba mjomba msamaha ni vile ulivyouliza, kama ulimshtukiza mbele za watu bila kumdokeza nyumbani kwanza, maana mtu mzima akiulizwa hela mbele ya watu 22 hajajiandaa anasikia kitu kingine kabisa hata kama wewe umeuliza kwa upole. Hilo tu. Ukienda kuomba msamaha kwa sababu umeuliza, basi wale wenzenu 20 waliobaki wamejifunza kwamba kwenye kikundi chenu kuuliza ni dhambi, na siku likitokea la kutokea mjomba mwenyewe hatakuwa na mtu wa kusimama kumtetea kwa sababu hakuna anayejua chochote.

Nakuambia hivi sababu nimeshika hela za watu mimi mwenyewe. Tulikuwa wanawake 18, hela naweka kwenye kopo la mfuniko chini ya kitanda, daftari juu ya kabati. Mwenzetu mmoja, binti tu ameolewa juzi juzi, akasema dada tusomee basi tujue tulipofika. Nilichukia jamani, niliona amenivua nguo mbele za watu. Nikarudi nyumbani nikamwaga hela kitandani nikahesabu, haikufika. Nikatenga noti huku sarafu huku nikahesabu tena, nikafuata daftari mstari kwa mstari na kidole, haikufika. Usiku wa manane ndo nikakumbuka: kuna mwenzetu alinigongea alfajiri mtoto anatetemeka kwa homa, nikampa hela nikasema nitaandika kukikucha, kukakucha nikasahau. Hakuna aliyeiba. Lakini fikiria kama ningekufa usiku ule kabla sijakumbuka, watu wangefungua kopo wakalinganisha na daftari wakakuta pengo, na wanangu wangekulia pale pale kijijini wakiitwa watoto wa mwizi. Yule mama hata angejitokeza akasema ukweli, nani angemsikiliza? Kumsaidia nilimsaidia, ila hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema hivyo.

Hicho ndo cha kumwambia mjomba, na mwambie kama mtoto wake, mkiwa mmekaa wawili au na mzee mmoja mnayeelewana naye. Kwamba mjomba, unalala na hela za nyumba 22 peke yako, mvua ikilowanisha daftari, mwizi akivunja dirisha, ukiugua ghafla, utasema nini na nani atakushuhudia? Mtu mwaminifu akibeba mzigo huo peke yake yuko hatarini kuliko mtu yeyote kijijini.

Na utaratibu wa kumpunguzia mzigo upo, haujaanza kwenu. Vikundi vingi vya vijijini vinafuata njia ambayo shirika la misaada la CARE lilianza nayo nchini Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo ilibidi uaminifu usitegemee daftari la mtu mmoja. Kuna kisanduku cha kufuli tatu. Funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, na anayelala na kisanduku hana hata ufunguo mmoja. Kisanduku hakifunguliwi popote isipokuwa kwenye mkutano, wote mnaona. Wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, hela inawekwa mahali kila mtu anaiona, na mkishamaliza mnatajiwa kilichobaki mnakiweka kichwani kila mmoja. Mkutano unaofuata unaanza na swali hilo hilo, tuliacha kiasi gani? Watu wanajibu, ndo kufuli zinafunguliwa. Nimeshaona bibi asiyejua kuandika jina lake akimsahihisha katibu aliyemaliza shule, na katibu akarudi kuhesabu akakuta bibi yuko sawa.

Mjomba anaweza kubaki ndo mtunza kisanduku, heshima yake iko pale pale. Tena mwombe yeye ndo alilete wazo mkutanoni, asisukumwe. Kama siku ya kuhesabu mara ya kwanza hela ikipungua msianze kupiga kelele, muulizeni nani kakopeshwa, mpeni mpaka mkutano unaofuata akumbuke aandike na wadaiwa wathibitishe wenyewe kwa midomo yao. Akikataa kabisa kufungua daftari hata baada ya kuombwa kwa heshima namna hiyo, hapo wanachama mna haki ya kupiga kura mchague mtu mwingine na hesabu ikaguliwe, na hilo liwe la kikundi chote lisiwe lako wewe peke yako. Mama yako ataelewa akiona umeenda kwa mdogo wake kwa adabu, mpe muda.

SWALI: Habari dada. Kwenye mfereji wetu wa umwagiliaji kila mtu ana zamu yake. Kuna kijana kakamatwa usiku amejifungulia maji ya zamu ya mwenzie, mara ya kwanza. Kuna wanaotaka afukuzwe kabisa ili iwe fundisho. Mi naona ni kali mno ila naogopa kusema wasije wakaona namtetea mwizi.

JIBU: Salama ndugu yangu, sema tu. Elinor Ostrom, mama wa Marekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuangalia jamii zinazotumia pamoja maji, malisho na misitu bila kuviharibu, na kitu kimoja alichokikuta kwenye zilizodumu muda mrefu ni kwamba adhabu inaanza ndogo, inapanda mtu akirudia. Ukimfukuza mtu kosa la kwanza umempa sababu ya kuiba kweli, maana shamba lake bado liko pale pale kando ya mfereji na mimea inakauka anaiangalia. Mtozeni faini ndogo, amrudishie mwenzie zamu moja, na asimame mbele ya wote aseme alichofanya.

Hapo pa mbele ya wote msipaache. Kule Valencia, Hispania, wakulima wana baraza lao la maji la miaka mingi sana, linakaa kila Alhamisi saa sita mchana nje kwenye mlango wa kanisa kuu, wanaohukumu ni wakulima wenyewe waliochaguliwa na wenzao, kila kitu kinasemwa kwa mdomo na mpita njia yeyote anaweza kusimama akasikiliza. Mkilimaliza la kijana wenu gizani kati ya wazee watatu, kesho kila mtu atakuwa na hadithi yake.

SWALI: Mwanangu, mimi nina miaka 67. Nilipokuwa na miaka 11 marehemu baba alisogeza jiwe la mpaka usiku, akaingia kwa jirani hatua nne. Najua sababu mimi ndo nilimshikia taa. Jirani yule naye kafa, watoto wake wanalima hawajui kitu, tunasalimiana vizuri na tunazikana. Wadogo zangu wananiambia niache, nikilifukua nitamwaibisha marehemu na kuleta ugomvi ambao haupo. Lakini silali mwanangu.

JIBU: Shikamoo baba. Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kuijibu.

Hilo jiwe kukunyima usingizi si ajabu. Warumi wa kale walikuwa na mungu kabisa wa mawe ya mipaka, Terminus, na kila tarehe 23 Februari majirani wa pande mbili walikutana kwenye jiwe wakatoa sadaka pamoja. Kumbukumbu la Torati inamlaani anayeondoa mpaka wa jirani yake, na Mtume Muhammad alionya kwamba anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba siku ya kiyama. Yani watu wa kila zama waliliogopa jambo hili, kwa sababu jiwe halina mlinzi, mashamba yote ya dunia yanalindwa na jirani kutolisogeza.

Wadogo zako wanasema ugomvi haupo. Baba, ugomvi haupo kwa sababu wenzenu hawajui, na hatua nne kwa miaka 56 ni mavuno mengi. Na wewe ndo shahidi wa mwisho. Ukiondoka hujasema, hao wadogo zako watawarithisha watoto kitu cha watu, na siku mtu akija na ramani ya zamani au mzee mwingine akikumbuka, wajukuu watapigana kwa mapanga kwa jambo ambalo hakuna kati yao alilifanya.

Naomba kitu kimoja tu: usilirudishe peke yako usiku kama lilivyosogezwa. Najua itakujia hiyo hamu, ionekane halijatokea kitu. Kaa kwanza na wadogo zako uwaambie umeshaamua, huwaombi ruhusa ila unawaomba waje na wewe. Alafu nenda kwa mkubwa wa ile familia, umwambie mkiwa wawili, ukianza na kwamba ulikuwa mtoto na uliona. Akishatulia ndo muwaite majirani wanaopakana na nyinyi na kiongozi wa kijiji, mchana kweupe, upime hizo hatua wote wanaona, muandike, msaini, kila familia ibaki na nakala. Kama shamba limeshapimwa na lina hati, mwoneni afisa ardhi kabla hamjagusa jiwe, maana hapo makaratasi nayo yanatakiwa kubadilishwa. Wakiuliza kuhusu miaka iliyopita, wasikilize mpaka mwisho bila kumtetea marehemu, mkubaliane mnachoweza. Inawezekana wakakasirika. Inawezekana watoto wao wakaacha kukusalimia kwa muda, vumilia.

Na usichelewe baba, nenda wakati miguu bado inakufikisha pale mpakani, maana lilipokuwa hilo jiwe unapajua wewe tu.