Kuhama Dar es Salaam kwenda Tanga: hesabu inayotangulia kufunga mizigo

Wanaoniuliza kuhusu kuhama Dar es Salaam kwenda kuishi Tanga huanza karibu wote na swali la kodi ya nyumba, nami siwalaumu, kwa sababu kodi ndiyo inayomkosesha mtu usingizi mwenye nyumba anapokuja kudai ya miezi sita kwa mkupuo. Hata hivyo, baada ya kuishi huku na familia yangu kwa miaka kadhaa, nimejiridhisha kwamba kodi ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Unafuu wa Tanga humfikia aliyehama na maisha yake yote. Aliyeiacha nusu ya shughuli na matumizi yake Dar es Salaam atalipia miji miwili kwa mfuko mmoja, na mwaka utakapoisha hataona tofauti yoyote katika akiba yake.

Kabla ya kuifurahia bei ya chini ni vema kuijua sababu yake. Tanga ilikua kwa bandari, reli na mkonge. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara kutoka hapa mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani yalisafirishia mkonge wake katika bandari hii. Bei ya mkonge ilipoporomoka duniani kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na baadaye viwanda vingi vya mjini vikafungwa kimoja baada ya kingine, palibaki mji uliopangwa vizuri, wenye mitaa iliyonyooka na kazi chache kuliko watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wasiofika 400,000 katika Jiji la Tanga, ilhali Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na zaidi ya milioni tano. Mwenye nyumba wa Mabawa au Makorora hapa Tanga hawezi kudai kodi ya Sinza ya Dar es Salaam wakati mpangaji anayemtegemea hana mshahara wa Sinza. Sababu hiyohiyo inayokupunguzia kodi ndiyo itakayokupunguzia wateja, vibarua na nafasi za ajira, na asiyeipima kwa pande zote mbili huwa amepiga nusu ya hesabu.

Kwa hiyo nashauri hesabu ianzie kwenye kipato. Mimi huwaandalia wafanyabiashara wadogo vitabu vya hesabu na ritani za kodi, kazi ambayo sehemu yake kubwa hufanyika kwa kompyuta na simu, na kabla ya kuhama niliwauliza wateja wangu mmoja mmoja kama wangeendelea kunipa kazi bila kuniona ofisini. Wengine walikubali papo hapo, wengine walisema wazi kwamba wanataka mtu wanayeweza kumfikia kwa miguu, na bajeti ya kuhamia Tanga niliijenga juu ya wale wa kwanza tu. Mtumishi wa umma aliyepata uhamisho hana shida hii, wala fundi mwenye ujuzi unaohitajika bandarini au katika viwanda vya saruji na chokaa. Lakini anayetaka kuja kufungua duka, saluni au mgahawa ajue kwamba soko la huku ni dogo na watu wake huangalia sana bei. Akae kwanza mjini, azunguke Ngamiani na soko la Mgandini, aone ni bidhaa gani watu wanaifuata mbali, ndipo aingize mtaji. Wako wanaokuja kwa kuvutiwa na habari za upanuzi wa bandari na za bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, umbali wa kilomita 1,443. Miradi hiyo ni ya kweli na imeleta fedha mjini, lakini ajira za ujenzi huisha ujenzi unapoisha, na haifai kuhamisha watoto kwa kutegemea kibarua cha mradi.

Bei za bidhaa nazo zinahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa neno «nafuu» haliihusu kila bidhaa. Vinavyozalishwa karibu ndivyo vyenye nafuu ya kweli: samaki, nazi, muhogo, machungwa ya Muheza katika msimu wake, mboga na viazi vinavyoshushwa kutoka Lushoto, na maziwa, ambayo Tanga imejaaliwa kwa sababu ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ulioenea mkoani. Familia inayopika vyakula vya huku itaiona tofauti mapema. Sukari, mafuta ya kupikia, bando la intaneti, dawa na vipuri vya gari havijali umehamia wapi, na bei ya petroli inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, kwa mafuta yanayopokelewa Tanga hutofautiana kidogo tu na ile ya Dar es Salaam. Vitu vinavyotoka Kariakoo hufika vikiwa na nauli juu yake. Kwa hiyo atakayetaka kula, kuvaa na kununua kama alivyozoea Dar es Salaam, atagundua kwamba sehemu ya vitu hivyo ni ghali zaidi huku.

Tofauti kubwa kuliko zote, na hii ndiyo ninayotamani watu waielewe, ipo katika umbali wa kila siku. Tulipokuwa Kimara, Dar es Salaam, mimi na mke wangu tulikuwa tukiondoka kabla watoto hawajaamka na kurudi wakiwa wamelala, na nauli, chakula cha mchana cha kununua, mshahara wa dada wa kazi na vocha za kuulizana nani kafika wapi vilikula fedha ambazo hatukuwa tukiziandika popote. Tanga mjini ni tambarare, na kutoka Mikanjuni hadi katikati ya mji mtu huenda kwa baiskeli bila kutoka jasho la kumfedhehesha. Wazee wenye kofia zao, mama anayetoka sokoni, mwalimu, mwanafunzi, wote utawakuta juu ya baiskeli, na hakuna anayekuhesabu kuwa maskini kwa hilo. Ukiweza kuchagua nyumba ambayo kazi, shule na soko vyote vinafikika kwa miguu au kwa baiskeli, utakuwa umefuta gharama ambayo Dar es Salaam haikuruhusu kuifuta. Ukichagua nyumba ya mbali kwa sababu ni kubwa na kodi yake ni ndogo, huku ukitumia bajaji asubuhi na jioni, utakuwa umeirudisha gharama hiyo kwa mlango wa nyuma. Hapa ndipo wahamiaji wengi hupotelea, kwa kuwa bajaji ya mji mdogo huonekana rahisi kila unapoilipa, na jumla yake ya mwezi haionekani hadi mtu aiandike.

Umbali mwingine ni ule wa kutoka huku hadi Dar es Salaam kwenyewe. Safari ya basi kupitia Segera na Chalinze ni kilomita takriban 350, na hula sehemu kubwa ya mchana. Aliyeacha Dar es Salaam kikoba, kikao cha harusi, daktari wa meno, fundi wa gari na msusi wake atajikuta stendi ya Kange kila baada ya wiki chache, na nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha njiani na zawadi za wenyeji wake, hula akiba yote aliyoipata kwenye kodi. Sisi tulikubaliana nyumbani kwamba safari za Dar es Salaam ni za misiba ya watu wa karibu, matibabu yasiyopatikana huku na kazi inayolipa nauli yake yenyewe. Michango ya harusi tunatuma kwa simu. Uamuzi huo uliwaudhi baadhi ya ndugu mwanzoni, na sitamficha msomaji kwamba uliniuma, kwa kuwa kwetu kutohudhuria shughuli si jambo dogo. Lakini ndugu waliotupenda walianza wenyewe kuja Tanga wakati wa likizo, na watoto wao wameijua bahari ya Raskazone.

Kuhusu nyumba yenyewe, nashauri kupanga kwanza kwa muda mfupi kadiri mwenye nyumba atakavyokubali, hata kama ni miezi mitatu, na kuitafuta nyumba ya kudumu ukiwa tayari unaishi mjini. Dalali huku, kama kwingineko, hudai malipo sawa na kodi ya mwezi mmoja, na akimwona mgeni kutoka Dar es Salaam humpeleka kwenye nyumba zenye kodi ya Dar es Salaam. Raskazone, kwa mfano, ni mtaa mzuri wenye upepo wa bahari, lakini kodi zake zitakurudisha ulikotoka. Zunguka mwenyewe Chumbageni, Nguvumali, Mwanzange na Kange, uliza wauza duka na mafundi baiskeli, maana wao ndio wanaojua nyumba iliyobaki tupu. Nenda kaione nyumba mvua ikinyesha ikiwezekana, hasa katika masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu maeneo ya mabondeni hukusanya maji. Angalia pia kama mita ya umeme ni ya nyumba yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine. Kodi ya jengo nayo, tangu mwaka 2021, hukatwa kila mwezi unaponunua umeme wa LUKU, ingawa kwa sheria ni wajibu wa mwenye nyumba, na ni haki kukubaliana naye katika mkataba jinsi atakavyokurudishia. Maji ya bomba yanatoka katika bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ambao chanzo chake ni misitu ya Usambara Mashariki, na kwa mtu aliyezoea kununua maji ya boza hili pekee ni nafuu ya kuandikwa kwenye bajeti. Lakini fungua bomba mwenyewe kabla ya kulipa, uone kasi yake.

Mizigo haihitaji maelezo mengi. Magari yanayoshusha saruji, machungwa na mazao mengine Dar es Salaam mara nyingi hurudi tupu, na dereva anayerudi atakupa bei ambayo lori la kukodi moja kwa moja haliwezi kukupa. Uza makochi makubwa na makabati kabla ya kuondoka, kwani Tanga ina maseremala hodari.

Mwenye watoto apange kuhama mwishoni mwa muhula, Juni au Desemba, aanze mapema kufuatilia barua ya uhamisho na kumbukumbu za mtoto kwa mwalimu mkuu wa shule anayoiacha. Ninaamini watoto ndio wanaofaidika kuliko wote, kwa sababu hapa hawaamshwi alfajiri kusubiri basi la shule. Kwa upande wa afya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo hutibu mengi, ila kwa baadhi ya huduma za kibingwa mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Mwenye ugonjwa unaohitaji daktari bingwa kila mwezi aizingatie hali hiyo kwa uzito wote, na pengine asihame hadi atakapohakikisha daktari na dawa zake vinapatikana huku.

Kuzoea watu kulinichukua muda kuliko kuzoea joto la Desemba na Januari. Mtu wa Tanga hakuanzi na shida yake. Atakuuliza umeamkaje, watoto hawajambo, mgonjwa wenu anaendeleaje, ndipo aseme alilojia, na anayekatiza maamkizi hayo kwa haraka za Dar es Salaam huonekana hana adabu, hata kama hakukusudia. Fundi aliyesalimiwa vizuri atakuja kesho kama alivyoahidi. Nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na balozi wako katika siku za mwanzo, kwa kuwa barua ya mwenyekiti utaihitaji benki na katika ofisi nyingi. Nenda msibani hata kama marehemu humjui, kaa mkekani, na jina lako litajulikana mtaani kabla ya mwezi kwisha. Kwa vijana, kiti kimoja katika uwanja wa Mkwakwani siku Coastal Union inapocheza huwapatia marafiki haraka. Sisi wenyewe tulianza kuhisi tuko nyumbani jirani alipotuma mtoto kuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi bila kuomba radhi kwa usumbufu.

Kiwanja kisubiri. Wageni wengi huona bei ya ardhi Pongwe au Amboni, wakailinganisha na ya Bunju au Chanika, wakalipa katika wiki ya kwanza kwa hofu ya kupitwa. Ishi kwanza mzunguko mzima wa mwaka, masika na vuli, uujue upande ambao barabara na maji vinaelekea, na ujue kama familia yako inataka kubaki. Ukifika wakati wa kununua, omba upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, uwaulize majirani wa pande zote mipaka yao inaishia wapi, na malipo yapite benki ili stakabadhi yake ibaki mikononi mwako.