Umezaliwa na Figo Zilizoungana na Mawe Hayaishi? Usikubali Kuambiwa "Kunywa Maji" Tu

Majuzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba ametolewa jiwe la figo kwa mara nyingine, na kwa mara nyingine ameambiwa hanywi maji ya kutosha. Mwishoni kabisa akaongeza: "Halafu nilizaliwa na figo zilizoungana." Ndugu yangu, hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo, na ndilo daktari wako alipaswa kukuuliza.

Figo zangu nazo zimeungana kwa chini, zikafanya umbo la kiatu cha farasi. Hali hii humpata takriban mtu 1 kati ya 500, na wengi huishi nayo bila kujua. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake, figo huanzia nyongani kisha hupanda. Zikiungana, ile sehemu ya katikati hunaswa na mshipa wa damu uendao kwenye utumbo, zikabaki chini ya mahali pake. Hazigeuki sawasawa, na mirija ya kupeleka mkojo kwenye kibofu huanzia juu mno, kisha hulazimika kupita mbele ya ile sehemu figo zilipoungana. Mkojo unatuama. Ukituama, chembechembe za kalsiamu na oksaleti (kemikali inayotoka kwenye baadhi ya vyakula na mwilini) hupata muda wa kushikana, na vijidudu navyo hustawi.

Kwa miaka hakuna aliyenieleza hayo. Niliambiwa ninywe maji, na maji nilikuwa nakunywa! Maumivu yangu yalikuwa yakinishika karibu na kitovu badala ya ubavuni, kwa hiyo nikatibiwa vidonda vya tumbo. Bado naumia nikikumbuka nilivyotazamwa kama mtu anayejidekeza. Hata jiwe lilipoonekana likavunjwa kwa mawimbi ya mshtuko, vipande vilibaki ndani. Nikaulizwa tena kuhusu maji.

Aliyenisaidia ni daktari bingwa wa mfumo wa mkojo aliyekataa kunigusa kabla ya kuona picha ya CT, ile ya eksirei inayoonyesha mwili kwa vipande. Alitaka kujua utumbo umelala wapi, maana kwa watu kama sisi unaweza kuwa nyuma ya figo, na mishipa ya damu imepita wapi. Ndipo akanieleza kuwa mawimbi huvunja jiwe vizuri tu, ila vipande vinahitaji njia ya kutokea, na njia yangu ni mbovu. Akalitoa kupitia tundu dogo mgongoni, akiingilia sehemu ya juu ya figo. Jiwe likapelekwa maabara. Nikakusanya mkojo wa saa 24, ikaonekana sitreti yangu iko chini. Sitreti ndiyo huzuia kalsiamu isigande. Nikaanzishiwa dawa ya kuiongeza, na tangu hapo picha zangu ni safi. Najivunia hilo, sifichi.

Kwa hiyo ewe mwenye figo zilizoungana, au figo iliyobaki nyongani, au figo zenye uvimbe wa maji wa kurithi: jiwe lako lina sababu, na umbo la figo ni sehemu moja tu ya sababu hiyo. Uliza kama mkojo wako unashuka vizuri, kwa sababu baadhi yetu tuna kizibo pale figo inapokutana na mrija, na kizibo kisiporekebishwa mawe yatarudi. Uliza jiwe lako ni la aina gani. Dai kipimo cha mkojo wa saa 24. Dai! Usione haya kuonekana msumbufu, mwili ni wako.

Maji kunywa, sikatai. Lengo ni kukojoa angalau lita 2.5 kwa siku, maana kiasi kinachotoka ndicho kinachohesabiwa. Punguza chumvi, kwani huongeza kalsiamu kwenye mkojo. Wala usiache maziwa kwa hofu ya kalsiamu. Kalsiamu ya chakula hushika oksaleti tumboni isifike kwenye figo.

Na ukipata maumivu ya jiwe pamoja na homa au kutetemeka, usisubiri kukuche. Mkojo uliozibwa ukiwa na maambukizi unaua. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na neno la kwanza mlangoni liwe: nilizaliwa na figo zilizoungana.